Sadaka Iliyolipa Deni Langu

Deni la duka lina haya, la simu halina. Mwenye duka akikukuta na mkeo njiani hugeuza uso, lakini ile kampuni ya mikopo ilikuwa inanitumia ujumbe alfajiri, kabla hata jogoo: "Ndugu mteja."

Chanzo kilikuwa umeme. Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, iliisha usiku, friji limejaa samaki wa biashara ya mke wangu, na kwenye simu sina pesa ya kununua hata yuniti moja. Nikabonyeza "kubali". Nikazoea kukubali, mpaka deni na ada zake likagonga 70,000. Na mikopo hii mnaijua inavyojilipa: shilingi yoyote ikitua kwenye laini yako, kampuni inaidaka hewani. Shemeji yangu wa Mwanza alinitumia nauli, nikabaki naisoma tu kwenye meseji.

Basi nikalipeleka jambo hilo kwenye maombi ya katikati ya wiki. Mchungaji akatuambia wenye shida za fedha tunyooshe simu juu. Nikanyoosha yangu mpaka bega likauma.

Kanisa letu liko hapa Unguja, nje ya mji, upande wa Tomondo, na mimi ndiye fundi mitambo: spika, maiki, kinanda, na kumfukuza paka anayelala juu ya mixer. Waumini wengi ni watu wa mahoteli. Jumapili wenzao wakiimba, wao wako Nungwi au Paje wanatandika vitanda vya wageni, hasa msimu ukipamba moto. Kwa hiyo wazee wakaamua sadaka ipokelewe pia kwa simu, na katibu akapewa kazi ya kutangaza namba.

Dada yule ni mchapakazi, simsemi vibaya. Kwenye simu yake mhazini ameandikwa "Kanisa Sadaka", mimi nimeandikwa "Kanisa Spika". Jumamosi usiku akaandika "Kanisa", simu ikammalizia yenyewe, tangazo likarushwa kwenye kundi la WhatsApp. Sikuliona. Kundi lile kufika saa mbili usiku linakuwa limeshamwaga maua na njiwa mia kidogo, nani atafukua?

Ukituma pesa, simu inakuonyesha jina la anayepokea kabla hujathibitisha. Wote wakaona jina langu, wote wakathibitisha. Asubuhi mama mmoja wa kwaya akanikumbatia mlangoni: "Hongera mwanangu, Mungu amekuinua." Nikadhani anasifia shati.

Ibada ikaanza. Simu nilikuwa nimeizima sauti, maana fundi mitambo simu yake ikilia katikati ya sala hasamehewi. Mahubiri yalipokaribia kwisha nikaichungulia. Meseji ya juu kabisa: "Deni lako lote limelipwa. Asante."

Jamani, sikusoma ya pili. Nani angesoma ya pili?

Mchungaji akaita wenye ushuhuda. Kwa kawaida mimi nawapelekea wengine maiki. Siku ile sikumpelekea mtu. "Wapendwa, jana nililala mdaiwa, leo nimeamka huru! Sikuuza kitu! Sikumwomba mtu! Bwana ametumia watu nisiowajua!" Kanisa likalipuka. Kwaya ikaanzisha pambio, kina mama wakatoa vitambaa, na mzee mmoja ambaye hajawahi kuonekana akicheza akainua mguu mmoja, akaushusha, akatosheka.

Pambio lilipotulia mhazini akasimama kutoa taarifa, uso umenyooka. "Nawashukuru kwa moyo wa kutoa. Ila kwenye simu ya kanisa, mpaka dakika hii, haijaingia hata shilingi."

Minong'ono.

"Mimi nimetuma elfu ishirini!"

"Mimi kumi, na jina likaja!"

"Jina la nani?"

Wakalitaja. Vichwa vyote vikageuka nyuma, kwenye mixer, nilipokuwa bado nimeshika maiki. Spika ikapiga ule mluzi wake wa kutoboa masikio, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile sikujua pa kuizimia.

Mchungaji ndiye aliyeniokoa. Akasema kanisa kuu la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, na inasimuliwa kwamba Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, alipokuwa hayupo, mafundi wakasimamisha baadhi ya nguzo juu chini. "Zipo mpaka leo, na watalii wanalipa kiingilio kuziona. Sisi tutashindwa na namba ya simu?" Watu wakacheka, ila mhazini hakucheka. Alikuwa anajumlisha.

Jumla ilikuwa 96,000. Kwangu imebaki 26,000. Wazee wameketi, mimi nimesimama, tunatazamana, mara simu ikatetemeka: "Hongera! Kwa kuwa umelipa deni lako, kiwango chako cha kukopa kimeongezwa." Mzee wa kanisa akavaa miwani, akaisoma kwa sauti. Nikakopa palepale, mbele ya baraza zima, nikatuma yote kwa mhazini. Makato wakaamua ni juu yangu.

Habari ilifika mtaani kabla yangu. Mpemba wa dukani, ambaye ni wakala pia, alinisubiri barazani. "Yakhe, sie msikitini twatia sadaka kisandukuni. Kisanduku hakina deni na mtu."

Yule mama wa kwaya, kumbe, aliwahi kutoka mara baada ya ushuhuda. Alikuwa na mgonjwa nyumbani. Hakusikia yaliyofuata. Usiku akanitumia ujumbe wa sauti: mwanawe naye anadaiwa na simu, nimwombee kwa ile ile nguvu iliyonitoa mimi, na ametanguliza elfu tano ya mbegu.

Nikafungua haraka nimrudishie. Kampuni ilikuwa imeshaikata.