Mwacheni mtoto alie kwa katuni

Jumapili ya juzi nilikuwa Morogoro kwa kaka yangu. Tumemaliza pilau, watu wazima wamejinyoosha sebuleni, na kijana wake wa miaka 14 kajikunja pembeni na simu. Ghafla nikaona mabega yanamtikisika. Analia, kile kilio cha mtu anayejitahidi asisikike, kajiziba mdomo kwa ukosi wa fulana. Mgeni mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akanyoosha shingo, akaona kilichokuwa kwenye simu, akacheka mpaka akashika tumbo. "Mtoto wa kiume analilia katuni!" Sebule nzima ikacheka. Kijana akazima simu, akatoka nje, akakaa kwenye karo la kufulia mpaka magharibi.

Nilijua anachokililia kabla sijamuuliza. Nilishaliona lile jibwa jeupe na yule binti mwenye mikia miwili ya nywele. Fullmetal Alchemist: Brotherhood, anime, yaani katuni ya Kijapani, sehemu ya 4. Nina. Wanaojua wanajua. Ambao hamjafika huko nisameheni, maana siwezi kuandika haya bila kusema yanayotokea.

Hasira haijaniisha tangu siku ile, na si ya yule mgeni peke yake. Ni ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba kitu kikichorwa ni cha watoto, na kikiwa cha watoto hakina uzito. Kijana huyohuyo angelilia tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili, nusu ya sebule ile ingelia naye.

Lakini kuna utetezi wa mashabiki wenzangu ambao nao unanikera. Mtu akisema anime fulani ni ya kitoto, tunamjibu, "Vumilia sehemu kumi za mwanzo, huko mbele inakuwa ya kikubwa." Nimeshalisema jibu hilo mara nyingi. Silisemi tena. Linaufanya ule utoto wa mwanzo uwe ganda, kitu cha kumenya na kutupa ili ufikie nyama. Mimi naamini utoto ule ndio unaofanya kazi nzito kuliko yote, na bila huo yale ya huko mbele yasingenifika nilipofikiwa.

Mara ya kwanza niliwekewa Fullmetal kwenye flashi na jirani wa hosteli, mwaka 2012. Niliona ndugu wawili, Edward na Alphonse. Mmoja mfupi, anapandwa na mori kila akiitwa mfupi; mdogo wake ni roho iliyofungwa ndani ya deraya kubwa tupu. Kuna Kanali Mustang, mvivu, mpenda wanawake, anayewasha moto kwa kupiga vidole na kushindwa mvua ikinyesha. Kuna Hughes, ambaye huwezi kumpigia simu ya kazi bila akusimulie habari za bintiye na kukutolea picha zake. Kuna Armstrong anayevua shati kila dakika aonyeshe misuli. Kuna Luteni Hawkeye, mkimya, mwenye kambwa kake na shabaha isiyokosea. Nilicheka nao. Niliwapenda kama unavyowapenda rafiki za kaka yako wanaokuja nyumbani na kukuletea pipi.

Na wote ni askari. Wote wanavaa sare ileile ya buluu. Tangu mwanzo tunasikia Mustang akiitwa shujaa wa vita vya Ishval, na masikio yetu yanalipita neno hilo. Shujaa, sawa, tuendelee. Hata ile sehemu ya 4 aliyoililia kijana wetu, anayekuja usiku kumuua yule baba aliyemgeuza bintiye Nina na jibwa lao kuwa mnyama mmoja kwa alkemia, ule ujuzi wa kugeuza kitu kuwa kingine, na kukatisha mateso ya Nina, ni Mwishvali, mtu wa Ishval, mwenye kovu usoni. Tunamchukia kwa sababu anawawinda watu tunaowapenda, na hatuulizi kwa nini.

Katika manga, yaani vitabu vya michoro ambamo hadithi ilianzia, jibu linakuja kwenye juzuu ya 15, kati ya juzuu 27. Kwenye Brotherhood ni sehemu ya 30. Edward anakwenda kwa Hawkeye kumrudishia bastola aliyomwazima, anamuuliza kilichotokea Ishval, na yule dada mkimya tuliyempenda anamweleza. Askari alimpiga risasi mtoto wa Kiishvali. Watu wakaasi. Vita vikaenda miaka 7, kisha ikatoka amri namba 3066: wapelekwe wanaalkemia wa serikali, wasibakize mtu. Yule Mustang wa kupiga vidole alichoma mitaa mizima na watu ndani yake. Hughes wa picha za binti alikuwemo. Hawkeye alikuwa mdunguaji, bado hajamaliza hata chuo cha kijeshi, analala kifudifudi juu ya mnara na kuchagua nani afe. Armstrong alishindwa kuendelea, akarudishwa nyumbani, na tangu hapo anaona aibu, tena aibu ya kwamba hakupinga zaidi.

Kiongozi wa dini wa Waishvali, mzee Logue Lowe, anajitoa kwa Rais Bradley: niue mimi, uwaache watu wangu waliobaki. Bradley anamjibu kwamba uhai wa mtu mmoja una thamani ya uhai wa mtu mmoja, na hakuna mtu anayefikia thamani ya watu wote wale. Hapo nilisimamisha video. Kwa sababu tangu sehemu ya kwanza tumefundishwa kanuni ya alkemia, kwamba ili upate kitu lazima utoe kitu cha thamani ileile. Tuliipokea kama sheria ya mchezo, kitu cha kunogesha mapigano. Na sasa kanuni ileile ya watoto inatoka kinywani mwa muuaji, na hesabu yake inakubali.

Vita vinakwisha. Mustang anamkuta Hawkeye amepiga magoti mchangani, anafukia kaburi dogo kwa mikono. Ni la mwenzako? Hapana, la mtoto wa Kiishvali. Alipigwa risasi akaachwa njiani. Kisha anamwomba Mustang amchome mgongo, kwa sababu mgongoni pake ndipo baba yake alipochora siri ya ile alkemia ya moto, na hataki mtu mwingine yeyote aisome. Anaomba achomwe na mtu yuleyule aliyeitumia siri hiyo.

Filamu nzito ya vita inakuonya tangu bango lake. Unaingia umejikaza, unajua nani atakuwa mwovu, unamhukumu toka mbali na kutoka umesafika. Hiromu Arakawa, aliyeichora hadithi hii, alininyima nafasi hiyo. Alinifanya nicheke na wauaji kwa juzuu 14, na aliponionyesha walichofanya hakuniruhusu kuacha kuwapenda. Nilibaki na vitu viwili mkononi na sikupata pa kukiweka hata kimoja. Asingeweza kunifikisha hapo bila Armstrong kuvua shati.

Arakawa alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Tokachi, Hokkaido, na baada ya shule akafanya kazi shambani miaka 7 kabla ya kwenda Tokyo kuchora. Hata akijichora mwenyewe anajichora ng'ombe aliyevaa miwani. Alianza hadithi hii mwaka 2001 katika Shonen Gangan, gazeti la wavulana, akaimaliza 2010. Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ilikuwa nchi ya Waainu kabla haijawa ya walowezi wa Kijapani. Walinyang'anywa ardhi, wakazuiwa kuvua samaki wao, na sheria ya 1899 ikataka kuwageuza wakulima na Wajapani kwa lazima. Bunge la Japani limekuja kuwatambua kuwa wenyeji wa asili mwaka 2008. Arakawa ameeleza kwamba mababu zake walikuwa miongoni mwa walowezi waliochukua ardhi ile, na kwamba Ishval imetokana na kulifikiria jambo hilo. Na kabla ya kuchora vita vyenyewe alikwenda kuzungumza na wazee wa Kijapani waliopigana Vita Kuu ya Pili.

Hapo ndipo inaponigusa mimi.

Babu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu. Alipelekwa Bama, Myanmar ya leo. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za monsuni, matope mpaka magotini, malaria, ikiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin, na Desemba ikavuka. Haya nimeyasoma ukubwani. Babu mwenyewe hakutusimulia hata moja. Tukimuuliza habari za vita alikuwa na jibu lake moja: "Bama kulikuwa na mvua sana." Basi. Anarudi kuchambua maharage yake.

Alikuwa mtu wa utani. Alinibeba mabegani mpaka sokoni nilipokuwa na umri wa kutosha kutembea. Aliwaita kuku majina ya wakwe zake. Siku moja binamu zangu walikuwa wanacheza vita uani kwa vijiti, wanalengana, ta-ta-ta-ta, mmoja kaanguka chini kajifanya maiti, ulimi nje. Babu akatoka chumbani. Hakugomba. Alipita kwa kila mtoto akachukua kijiti chake, akavikusanya, akaenda jikoni akavisukuma vyote chini ya chungu cha uji, akasimama pale akiviangalia mpaka vikashika moto. Kisha akamnyanyua yule aliyejifanya maiti, akamfuta vumbi mgongoni, akamfuta, akamfuta, hata vumbi lilipokwisha.

Sisi tulidhani amechukia kelele.

Kwenye mazishi ya Hughes, Mustang anabaki makaburini na Hawkeye. Mbingu nyeupe, hakuna wingu. Mustang anasema mvua inaanza kunyesha. Hawkeye anamwambia hakuna mvua. Inanyesha, anasema, na tunaona chozi linamteremka. Nilikuwa na miaka 23 nilipoiona, na nililia mpaka mwenzangu wa chumbani akaamka. Sikuwa namlilia Hughes. Babu alikuwa amefariki muda mrefu. Miaka yote nilidhani alikuwa akizungumzia hali ya hewa.

Ndiyo, najua, Bama mvua ilinyesha kweli. Vitabu vinasema hivyo. Lakini mtu aliyerudi kutoka kule na neno moja tu la kuwapa wajukuu, nilipaswa kulisikiliza vizuri zaidi. Na aliyenifundisha kulisikiliza ni mchora katuni, mjukuu wa upande wa pili wa vita vilevile.

Nakubali mengi ninayoambiwa dhidi ya anime. Takataka ni nyingi. Kuna nyingine zinavyowachora wasichana wadogo, nisingetaka mtoto yeyote aone, na mzazi anayekagua simu ya mwanawe hakosei. Hata Fullmetal Alchemist ina kasoro: ule utani wa ufupi wa Ed unachosha, na mwisho unawapatanisha Waishvali na waliowaua haraka kuliko ninavyoweza kuamini. Tena kuna wanaosema kwamba kwa kuwa aliyempiga yule mtoto risasi alikuwa homunkulasi, kiumbe wa kutengenezwa kwa alkemia, aliyejigeuza askari, basi binadamu wameondolewa lawama. Hilo silikubali. Hawkeye mwenyewe analikataa. Waliovuta kifyatulio ni wao, anasema, na lengo la kundi la Mustang ni kuibadili nchi mpaka iwe na sheria za kutosha kuwafikisha wao wenyewe mahakamani.

Na si hadithi moja pekee. Madoka Magica ya 2011 inaanza na mabinti wa rangi ya waridi na kiumbe kama kisungura kinachowaahidi kuwatimizia ombi moja, na inaishia kwenye mkataba ambao mtoto hakupaswa kuutia saini. Hadashi no Gen ilianza 1973 katika Shonen Jump, gazeti la ngumi na vichekesho, na Gen anapigana na kuimba nyimbo za kihuni kama mtoto mwingine yeyote wa manga. Aliyemchora, Keiji Nakazawa, alikuwa Hiroshima akiwa na miaka 6 bomu lilipoanguka, na baba, dada na mdogo wake walifia chini ya nyumba yao. Alichagua gazeti la watoto na uso wa mtoto anayecheka, na najua kwa nini.

Jioni ile nilimfuata kijana kwenye karo. Sikumwambia avumilie. Nilikaa, nikamuuliza Nina alimwitaje Ed mara ya mwisho, akanijibu, akalia tena, nikamwacha alie. Mama yake alipita na ndoo akatuangalia, hakusema kitu, akaenda kuchota maji bomba la jirani.

Jana usiku saa tano akanitumia ujumbe. Amefika sehemu ya 30.

"Shangazi, yule babu yenu wa Bama. Aliua watu?"

Nimeandika jibu mara nne na kulifuta. Leo asubuhi nimempigia, nikamwambia ukweli, kwamba sijui, kwamba sikuwahi kumuuliza, kwamba alinibeba mabegani mpaka sokoni. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama vile vijiti vilikuwa vingapi.