Amoksilini bila cheti: nani azuiwe na nani ahudumiwe?

Kwa mujibu wa taratibu, antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria kama amoksilini, ni dawa za cheti, na muuzaji hapaswi kuzitoa kabla ya kuona maandishi ya daktari. Anayenunua dawa Mwanjelwa, jijini Mbeya, au Iringa mjini anafahamu mambo yanavyokwenda. Mteja hutaja amoksilini, au husema tu "nipe zile za rangi mbili", kisha hutaja fedha aliyonayo, na muuzaji hushika mkasi akakata vidonge vinavyolingana na fedha hiyo. Kipande chenye tarehe ya kuisha muda wa matumizi huishia mikononi mwa mteja mwingine.

Wanaotaka udhibiti ukazwe wana hoja nzito. Mafua na vikohozi vinavyotuandama wakati wa baridi ya Juni na Julai husababishwa zaidi na virusi, ambavyo antibiotiki haziviui hata kidogo. Aliyepona baada ya kumeza vidonge sita huvisifu vidonge, ingawa angepona bila hivyo, na msimu ujao huomba vilevile. Wakati huohuo bakteria dhaifu waliomo mwilini mwake wamekufa, wakabaki wale sugu, wasiouawa na dawa, wa kuzaliana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili mapema, mwaka 1945. Kwa makadirio ya watafiti, mwaka 2019 peke yake watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu.

Lakini amri ya kutouza chochote bila cheti haiwaangukii watu wote sawasawa. Katika kijiji cha wilaya ya Makete au Kilolo, masika yakiwa yameharibu barabara, mama mwenye mtoto anayehema kwa kasi anaweza kuwa na duka moja tu la dawa analoweza kulifikia kwa miguu kabla ya giza. Ikiwa mtoto ana nimonia, amoksilini ndiyo dawa ya kwanza inayopendekezwa, na kucheleweshwa kwake ni hatari. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yaliwekwa kwa ajili ya mazingira kama hayo: wauzaji walipewa mafunzo, na maduka yakaruhusiwa kuwa na baadhi ya antibiotiki za kunywa.

Wapo wanaosema dawa ya yote ni elimu kwa umma. Nina mashaka, kwa kuwa anayenunua nusu dozi mara nyingi anajua fika kwamba ni nusu. Kilichopungua ni fedha. Bango la "maliza dozi" limebandikwa ukutani, juu ya mkasi uleule. Hata kaulimbiu hiyo sasa inajadiliwa na madaktari, maana kwa baadhi ya maambukizi imeonekana kwamba siku chache zinatosha, ingawa hilo haliigusi tiba ya kifua kikuu, wala si ruhusa ya mgonjwa kujipangia siku zake.

Kwa maoni yangu, mjini, ambako maabara ipo jirani, cheti kidaiwe bila huruma. Vijijini, muuzaji aliyefunzwa aruhusiwe kutoa dozi kamili tu, baada ya kumhesabia mtoto pumzi kwa dakika nzima na kukuta dalili ya nimonia: pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5. Kazi hiyo inahitaji saa na utulivu tu, na mtoto mwenye dalili za hatari, kama vile kushindwa kunyonya au kupata degedege, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Udhaifu wa pendekezo hili uko kwenye droo ya fedha. Muuzaji anayehesabu pumzi, akakuta 32, akamrudisha mama nyumbani bila dawa, amefanya kazi nzuri ambayo haimlipi chochote, ilhali jirani yake aliyeuza vidonge kumi amepata faida. Bila malipo madogo ya uchunguzi, yanayotolewa dawa iuzwe au isiuzwe, sioni kwa nini ataendelea kuhesabu.