Shemeji, Mshale wa Kulia na Orodha ya Harusi

Shemeji yangu alishuka Kigoma na treni ya kutoka Dar, kilomita zaidi ya 1,200 za kukaa kitako, na badala ya kwenda nyumbani kulala akaja kusimama nyuma ya kiti changu steshenari. Hakuna kero inayozidi mtu wa Dar kukuangalia ukishika mausi.

"Shemeji, hilo dirisha mbona unalivuta kama kokoro?"

Nikanyamaza. Ni kaka yake mke wangu, kuna majibu hayajibiwi.

Steshenari yangu ipo Kibirizi, jirani na mwalo, pale boti za kwenda Mwamgongo na Kagunga zinapopakia. Abiria husubiri mpaka nahodha aridhike na mzigo, kwa hiyo nimefunga televisheni kibarazani, waya wake unatoka kwenye kompyuta ya ndani. Nje wanatazama muvi ya Kihindi iliyotafsiriwa na DJ, ndani mimi nachapa barua za watu. Kompyuta moja, skrini mbili, kila moja na mambo yake. Unabonyeza kitufe cha Windows na herufi P, unachagua Extend, kazi imekwisha. Hilo nalijua bila kufundishwa na mtu wa Dar.

Siku hiyo aliingia mama mhazini wa kamati ya harusi ya pale mtaani. Kikao kilikuwa jioni. Alitaka orodha ya ahadi ilinganishwe na miamala ya simu, mstari kwa mstari, kisha ichapwe. Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo nilikuwa nimeikuza orodha mpaka asilimia 200. Tena kwa agizo lake, kila ambaye hajalipa aliandikwa BADO, herufi kubwa, rangi nyekundu. "Nataka ionekane," alisema. Ilionekana, mama.

Tatizo la kulinganisha ni kwamba ukifungua miamala, orodha inajificha. Ukirudisha orodha, miamala inapotea. Mimi nilikuwa nayavuta madirisha yake pembe kwa pembe. Shemeji akashindwa kuvumilia.

"Nipishe kidogo. Vitu hivi vipo tangu Windows 7, mwaka 2009, na nyie bado mnateseka."

Akashika kitufe cha Windows, akabonyeza mshale wa kushoto. Miamala ikajibanza upande wa kushoto, nusu ya skrini kamili. Akabofya orodha, Windows tena, mshale wa kulia. Orodha ikakaa kulia. Vitu viwili uso kwa uso, hakuna aliyemfunika mwenzake. Lazima niseme ukweli, ilipendeza. Mama mhazini akapiga makofi.

Makofi ndiyo yaliyotuponza. Mtu akishapigiwa makofi lazima arudie. Shemeji akabonyeza Windows na mshale wa kulia mara nyingine, kwa madaha, na orodha ikatoweka.

"Imekwenda wapi?" mama akauliza.

"Inakuja."

Haikuja. Dirisha likishafika ukingo wa kulia na wewe ukaendelea kulisukuma kulia, linahamia skrini inayofuata kama ipo. Kwangu ilikuwepo, kibarazani, mbele ya abiria wa boti mbili. Angebonyeza Windows, Shift na mshale wa kushoto, lingerudi hapo hapo na tusingekuwa na cha kusimulia. Yeye akaenda kwenye Alt na Tab. Picha ndogo ya orodha ikatokea, akaichagua, akaachia vidole. Skrini yetu kimya.

"Ipo, lakini imekwama," akasema, kwa sauti ya daktari. Akaanza kugonga Page Down ili ishtuke.

Nje watu wakashangilia. Hatukujali, maana muvi ya Kihindi haiishi kelele, na spika niliyofunga mimi mwenyewe inajua kazi yake. Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba starling, yule shujaa wa muvi, alikuwa ametoa bastola nusu ya kulia ya televisheni, DJ anatafsiri kwa jasho, na hakuna hata mmoja aliyemtazama. Wote walikuwa nusu ya kushoto, wanasoma. Kila shemeji alipogonga Page Down, waliletewa majina mapya.

Akabonyeza Windows na D. Hiyo hushusha madirisha yote, ubaki na meza tupu. Nje wakapiga kelele: "Rudisha! Rudisha!" Nikamwambia, "Shemeji, umewakatia muvi." Akabonyeza tena, kila kitu kikarudi mahali pake, nje shangwe. Nikashangaa muvi ya leo imewakolea kiasi hicho.

"Basi naifunga, tuifungue upya," akasema, akabonyeza Alt na F4.

Kimya. Halafu sauti ya mwanamume ikatoka kibarazani:

"Usihifadhi! Inauliza, mwambie asihifadhi!"

"Weee, hifadhi!" sauti ya mwanamke ikajibu. "Hifadhi, na mimi nitaitaka nakala!"

Mama mhazini akageuza shingo polepole. "Wao wamejuaje kompyuta inauliza nini?"

Tukatoka. Orodha ya ahadi ilikuwa imening'inia pale, kubwa, asilimia 200, BADO zinang'aa kuliko taa za boti, na katikati kisanduku kinauliza kama tuhifadhi mabadiliko. Nyuma yake starling anakufa peke yake. Mama mhazini hakuuliza kitufe gani kinafanya nini. Alipanda kwenye benchi na viatu vyake, akashika waya nyuma ya televisheni, akauchomoa. Televisheni ikabaki bila picha. Ndani, orodha na muvi vyote vikarudi kwenye kompyuta, maana skrini ya pili ikiondoka madirisha yake hayana pa kukaa.

Nilitegemea wadaiwa ndio wataaibika. Wapi! Dereva wa bodaboda mwenye BADO mbili alikuwa anatembea kifua mbele: "Mnaona? Mke wangu nikimwambia sina hela, sina kweli." Waliopata taabu ni waliolipa. Muuza migebuka aliyekaa benchi la mbele alikuwa amesoma jina la mumewe, nahodha wa boti ya Mwamgongo, ahadi laki mbili, AMEMALIZA. Wiki ile ile alikuwa ameambiwa sare za watoto zisubiri mpaka ziwa litulie.

Boti ya Mwamgongo ilichelewa kuondoka, abiria wakiwa wamekaa, nahodha akiwa ndani kwangu ameinama mbele ya mama mhazini.

"Mama, nakuomba. Niandike BADO."

"Na hela yako?"

"Kaa nayo. Wewe niandike BADO tu."

"Jioni kikaoni hesabu isipokaa sawa nadaiwa mimi. Toka."

Akanigeukia. Nikamwambia kuchapa ukurasa mmoja ni shilingi mia tano, na ninachochapa ni anachotaka mteja. Nikamchapia karatasi yenye jina lake peke yake, BADO nyekundu, akaenda nayo kwa mkewe mwalo mzima unamtazama. Mkewe akaishika, akaisoma, akamrudishia.

"Hii ya karatasi siitaki. Nionyeshe kwenye televisheni."

Haikuwezekana. Waya ulikuwa kwenye mkoba wa mama mhazini, na alisema nitaupata harusi ikishapita.