Moyo Hauna Tundu la Lenzi

Wiki iliyopita nilihudhuria kikao cha kutathmini picha za mazingira ya asili, na mmoja wa watathmini, huku amekunja mikono kama hakimu, akamwambia kijana aliyeleta picha ya ukungu uliotanda bondeni: "Ufundi unao, mwanangu, lakini picha yako haina hisia. Achana na mambo ya kamera, piga kwa moyo." Kijana akaitikia kwa adabu na kukaa. Mimi nikabaki na donge kooni, kwa kuwa sijui ushauri mwingine unaosikika wa busara kiasi hicho na usiomfaa mtu kwa lolote. Apige kwa moyo, haya. Lakini mwanga auache uingie kiasi gani, na kwa muda gani? Moyo hauna tundu la lenzi.

Tarehe 10 Aprili 1927, mpiga picha Mmarekani Ansel Adams, akiwa na umri wa miaka 25, alipanda milima ya Yosemite, huko California, kuufuata mwamba wa Half Dome, akibeba kamera kubwa na sahani chache za kioo, ambazo kila moja hunasa picha moja kama filamu. Alipofika mahali alipopakusudia, alikuwa amebakiwa na sahani mbili tu. Ya kwanza aliipiga kwa kichujio cha njano, yaani kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi, kisha akatambua kwamba picha ile ingeonyesha mwamba ulivyo bila kuonyesha jinsi ulivyomwelemea yeye aliyesimama mbele yake, kwani anga ingetoka kijivu na uzito wote wa lile jiwe ungepotea. Akaweka kichujio chekundu, ambacho huuzuia mwanga wa buluu, na kwa kuwa kichujio hicho hula mwanga mwingi akalazimika kuiacha sahani ya mwisho ipokee mwanga kwa sekunde 5 nzima. Anga ikatoka karibu nyeusi, na uso wa mwamba ukajitokeza kwa utisho unaomfanya mtazamaji arudi nyuma hatua moja. Sasa watathmini wetu watuambie: hapo ufundi uliishia wapi, na hisia ikaanzia wapi? Adams alitikisika kwanza, hilo sibishi, lakini mtikisiko wake ungebaki kifuani mwake na kufa naye kama asingejua kichujio chekundu hufanya nini kwa anga la buluu.

Nakiri, tena kwa shingo upande, kwamba zipo picha zilizokamilika kiufundi na zilizokufa kabisa. Sote tumemwona yule tai ambaye unaweza kuhesabu manyoya yake moja moja, na ukimaliza kuhesabu huna sababu ya kuendelea kumtazama. Zipo pia picha za ndege waliogeuka michirizi mitupu zinazokukaba roho. Ila mara nyingi aliyezipiga ameshusha spidi ya shata, yaani kasi ya pazia linaloruhusu mwanga kuingia, hadi 1/15 ya sekunde kwa makusudi, akageuka pamoja na kundi, akarudia mara mia. Kuhusu wanaodhani hisia huongezwa baadaye kwa kukoleza rangi ya machweo mpaka yafanane na sharubati, sina la kusema.

Nirudi kwa ukungu. Baada ya kikao nilimfuata kijana nje na kumwomba anionyeshe tena picha yake. Ukungu ulikuwa umetoka kijivu kizito, kama maji ya kufulia, kwa sababu alikiamini kipimamwanga cha kamera, nacho hudhani kila kilichoko mbele yake kina mwangaza wa wastani, hivyo kikikutana na weupe hukimbilia kuupunguza. Nilimuuliza asubuhi ile bondeni palikuwaje. Akafikiri kidogo, akasema palikuwa kimya na pepesi, kana kwamba miti ilikuwa haijaamua kama itashuka ardhini au la. Nikamwambia aongeze mwanga kwa stopu moja na nusu, na kila stopu moja huzidisha mwanga mara mbili. Akaifungua picha katika simu, akaongeza mwanga taratibu kwa kidole gumba, na ukungu ukaanza kuwa mweupe, vigogo vya mbali vikafifia kimoja baada ya kingine, hadi ukabaki mti mmoja wa mbele uliokuwa umeshika ardhi. Alinyamaza muda mrefu akiutazama. Kisha akauliza ni mapema kiasi gani afike kesho ili aupige upya, safari hii kwa vipimo sahihi tangu mwanzo.