Kurudi Puzzle Pirates Wakati Wachezaji Wamepungua

Nimerudi kucheza Puzzle Pirates, mchezo wa maharamia wa mtandaoni uliotolewa mwaka 2003 na kampuni ya Three Rings ya San Francisco, na kilichonirudisha si ushabiki wa bahari, maana sisi wa Dodoma bahari yetu ni bwawa la Hombolo. Ni namna kazi inavyogawanywa chomboni. Mmoja anashughulikia matanga, mwingine anaziba matundu kwa vipande vya mbao, mwingine anakumba maji ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo, na kila kazi ni fumbo linalojitegemea. Matundu yasipozibwa maji huingia kwa kasi, maji yakizidi chombo hupunguza mwendo, na aliyeko ngamani huona vipande vya fumbo lake vilivyozama vikisogea polepole, hivyo msaada wake huwa mgumu pale hasa unapohitajika zaidi.

Kisha taarifa ya utendaji hutokea mbele ya mabaharia wote, ikionyesha nani ameboronga na nani amefanya maajabu. Katika mji huu wa ofisi za Serikali tunajaza fomu nyingi za upimaji, lakini sijaona hata moja inayosema ukweli upesi kiasi hicho.

Wanaolalamika kwamba dabluni, yaani sarafu zinazonunuliwa kwa fedha halisi, zimeuharibu mchezo, sikubaliani nao. Mwenye dabluni huweza kumuuzia mwenzake kwa fedha za mchezo, kwa bei wanayopanga wachezaji wenyewe, kwa hiyo hata asiye na kadi ya benki ya kulipia nje ya nchi huzipata kwa jasho la ngamani.

Tatizo la kweli ni uhaba wa watu. Saa ya mchezo hufuata pwani ya magharibi ya Marekani, na kwetu ikifika saa tatu usiku, kule bado ni asubuhi na wengi wako kazini. Nafasi zilizo wazi hujazwa na mabaharia wa kompyuta, ambao hawachoki lakini pia hawakutanii wala hawakukemei ukizembea. Frigeti kubwa, meli ya mchezo huu, hubeba watu 159, na wakongwe bado wanaililia. Mimi naona ni afadhali waiache bandarini na kujaza slupu, chombo kidogo cha watu 7, ambacho hata watatu makini wanatosha kukiendesha.