Undugu Hausajiliwi URSB

Jumamosi tulikuwa Wandegeya, hapa Kampala, watu watano, rolex (chapati za mayai) zinapoa mezani, tukijaribu kukisia nenosiri la domeini, yaani anwani ya mtandaoni, ya programu yetu. Mwenye nalo yuko Dubai tangu Januari. Hatujagombana naye. Amebadilisha namba tu, na meseji zetu zimebaki na tiki moja.

Programu yenyewe ni ya hesabu za SACCO. Tumeiandika miaka minne, leseni ni GPL, ile inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadili msimbo, na kila niliposema tujisajili URSB, ofisi ya serikali ya Uganda inayosajili kampuni, nilijibiwa: "Ssebo, sisi ni ndugu, karatasi za nini?"

Haya, karatasi za nini. Mwezi uliopita kampuni moja ya hapa mjini imeanza kuuza huduma kwa jina letu na nembo yetu, kijani kilekile nilichokichagua mimi usiku umeme umekatika. Tukaenda kwa mwanasheria. Swali lake la kwanza: "Ninyi ni nani?" Tukatazamana.

GPL inalinda msimbo, na kuuza inaruhusu. Hapo sina kinyongo. Jina ni habari nyingine. Jina ni alama ya biashara, nayo hudaiwa na mwenyewe anayejulikana. Hata Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ilinusurika: mtu mmoja wa Boston aliomba kulisajili jina hilo mwaka 1994, baadaye akaanza kudai malipo kwa waliolitumia, na ilibidi Linus Torvalds, mwanzilishi wake, na kampuni kadhaa waungane kumpinga ndipo likahamishiwa kwa Torvalds mwaka 1997. Sisi watano tutaungana na nani?

Debian, mradi mwingine wa programu huria, mali zao zinashikwa na Software in the Public Interest, shirika lililosajiliwa 1997, si mfuko wa rafiki. Kwetu URSB wanasajili kampuni zisizo na hisa, wanachama wakiiwekea kampuni dhamana. Domeini, nembo na akaunti ya benki vyote vingekaa humo, aende Dubai atakayekwenda. Ndiyo, ritani (taarifa) za kila mwaka ni kero, na mikutano ya bodi inachosha. Nimekaa kamati ya kanisa, msinieleze.

Juzi mhasibu wa SACCO moja ya Masaka alinipigia. "Mwanangu, hawa waliokuja kudai shilingi elfu hamsini ndio ninyi?" Nikamwambia hapana, mama, si sisi. Akauliza: "Sasa mimi nitawajuaje ninyi?"

Jumatatu nakwenda URSB. Dubai bado tiki moja.