Usiku wa Mombasa ufunguliwe

Kila Desemba ikikaribia, hoteli zikianza kujaa na treni ikishusha wageni Miritini, mjadala ule ule hurudi kwenye baraza za Mombasa. Mji huu una bahari, una hoteli, una uwanja wa ndege wa kimataifa. Basi mbona tusijenge makasino makubwa ya taa, tuwe Las Vegas ya Afrika Mashariki? Nimeyasikia Kibokoni kwenye kahawa, nimeyasikia Nyali kwa watu wa hoteli, na nimeyasikia kwa wanasiasa majukwaani. Wengi wanaoyasema wanaupenda mji na wanataka vijana wapate kazi, na mimi hilo nalitaka pia. Lakini naona tunatamani kitu ambacho hatujakitazama sawasawa.

Las Vegas nimefika, na uzuri wake siukatai. Mji huo umekaa katikati ya jangwa la Mojave, jimbo la Nevada. Ulianza mwaka 1905 kwa mnada wa viwanja kando ya reli, na mwaka 1931 jimbo likahalalisha kamari. Mwaka huo huo ukaanza ujenzi wa bwawa kubwa la Hoover hapo karibu, wafanyakazi wakamiminika na mishahara mfukoni. Hoteli ya kwanza ya kasino kwenye barabara inayoitwa Strip ilifunguliwa 1941. Leo barabara hiyo ina urefu wa karibu kilomita 7, na mwaka 2024 mji ulipokea wageni zaidi ya milioni 40.

Usiku wa kwanza nilisimama mbele ya hoteli ya Bellagio. Mbele yake kuna ziwa la kuchimbwa, na ndani ya ziwa kuna mabomba zaidi ya elfu moja ya kurusha maji. Muziki unapoanza, maji huinuka taratibu, yakayumba kulia na kushoto kama wanawake wa lelemama kwenye mstari, kisha yakafyatuka juu kwa kishindo unachokisikia kifuani. Nyunyu zinakufikia usoni ukiwa umesimama njiani. Jioni ikiingia, onyesho hurudiwa kila robo saa hadi usiku wa manane. Kando yangu alikuwapo mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu na wajukuu zake wamekaa chini kwenye sakafu ya njia, hakuna aliyeulizwa tikiti wala kuambiwa asogee.

Hilo ndilo lililonigusa. Mtu asiye na senti anaweza kutembea barabara ile kwa miguu tangu magharibi hadi alfajiri, na kila baada ya hatua mia kuna kitu cha kutazama: mnara wa Eiffel wa nusu kimo, piramidi ya vioo, mitumbwi ya Venice inayopita ndani ya duka, na tangu 2023 jengo la duara linaloitwa Sphere, lenye kimo cha zaidi ya mita 100, ambalo ngozi yake yote ya nje ni skrini. Njia ina taa, ina polisi, ina mahali pa kukaa. Watu wametoka na watoto saa tano za usiku na hawana wasiwasi.

Ila ule uzuri wa bure una mwenyewe, na mwenyewe anajua anachokifanya. Ukishamaliza kutazama maji unaingia ndani upate ubaridi, na ndani hakuna njia iliyonyooka. Kwenda kwenye lifti ya chumba chako, kwenda msalani, kwenda kula, kote unapitishwa katikati ya mashine za kamari. Ukutani hakuna saa. Madirisha ni haba, kwa hivyo hujui kama kumekucha. Pesa zako zinageuzwa tokeni za rangi, na tokeni haiumi ikitoka mkononi kama noti inavyouma.

Na hesabu ziko wazi kwa atakaye kuzifanya. Gurudumu la ruleti la Kimarekani lina vishimo 38: namba 1 hadi 36, sufuri, na sufuri mbili. Ukiotea namba moja ikatoka, unalipwa 35 kwa 1, ingawa nafasi yako ilikuwa moja kati ya 38. Ile tofauti ndiyo riziki ya kasino. Kwa wastani, katika kila shilingi 100 zinazowekwa mezani, zaidi ya shilingi 5 hubaki kwa mwenye nyumba, na hubaki kila mzunguko, usiku kucha, mwaka mzima. Wala hahitaji kuiba. Anahitaji ukae tu.

Waliofuga kasino kwa muda mrefu wanaijua hatari yake, ndiyo maana wanawakinga watu wao. Monaco, ambayo jina lake haliwezi kutajwa bila kasino, raia wake wenyewe hawaruhusiwi kucheza humo. Singapore ilipofungua makasino yake mwaka 2010 iliweka ada ya kuingilia kwa raia na wakazi wake wa kudumu, na tangu 2019 ada hiyo ni dola 150 za huko kwa saa 24, wakati mgeni wa kutoka nje anaingia bure na pasipoti yake. Maana yake kasino imewekwa ikamue mgeni, na mwananchi ajengewe ukuta.

Kwetu mambo yamekwenda kinyume. Kamari ilishatufikia kabla ya hizo taa, na anayekamuliwa ni mwananchi. Iko kwenye simu. Mtazame kijana wa bodaboda pale Mwembe Tayari akisubiri abiria: kindege cha mchezo wa kamari kinapanda kwenye skrini, namba zinapanda nacho, anatakiwa abonyeze kabla hakijapotea. Kikipotea, pesa ya petroli imekwenda, na ya mwenye pikipiki inangojwa jioni. Kabla ya hapo zilikuja mitaani zile mashine za kumeza sarafu ya shilingi 20, watoto wa shule wakisimama mbele yake na yunifomu. Sheria mpya ya kudhibiti kamari ilipitishwa 2025, na nimefurahi kwamba umri wa miaka 18 umeshikiliwa. Lakini sheria itakuwa na kazi kubwa tayari na kilichopo kwenye simu. Sioni kwa nini tuiongezee na majumba.

Tena kuna maji. Las Vegas iko jangwani, lakini maji yanayotumika ndani ya majengo karibu yote husafishwa na kurudishwa ziwani Mead, na hata lile ziwa la Bellagio linatumia kisima cha zamani cha uwanja wa gofu uliokuwa hapo. Sisi tunaishi kisiwani, na bado asubuhi mkokoteni wa mitungi unapita mlangoni ukiuza maji ya kupikia. Anayetaka kutujengea minara ya vyumba elfu tatu aanze kwa kutueleza maji atayatoa wapi, na bomba litapita mtaa wa nani.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo nina mengi zaidi ya kusema.

Nenda Mama Ngina jioni yoyote jua likishapungua ukali. Bustani ile ilitengenezwa upya na kufunguliwa Oktoba 2019, sherehe za Mashujaa zilipofanyiwa hapo hapo. Mibuyu imesimama pale tangu kabla ya mabibi na mababu zetu. Ukutani watu wamekaa wakiitazama bahari: wachumba, wanafunzi wa madrasa, baba na bintiye wakigawana dafu. Halafu meli inaingia. Mkondo wa kwenda Kilindini unapita chini ya miguu yako, kwa hivyo meli ya makontena yenye urefu wa viwanja viwili vya mpira inakupitia karibu hata jina lake unalisoma na mabaharia unawaona wakitembea sitahani. Watoto wanapunga mikono, na mara nyingine baharia naye hupunga. Sijaona Las Vegas kitu cha kushinda hicho, na hakuna aliyelipa mhandisi kukibuni.

Na mihogo. Mama anayekaanga ana karai lililojaa mafuta yanayochemka. Anakata muhogo vipande vyembamba akiwa na kisu kimoja kilichokwisha makali nusu, vinatumbukia moja kwa moja, vinapanda juu vikipiga kelele. Anavikomba na upawa wenye matundu, anavikung'uta, anavimimina kwenye karatasi.

"Nikutilie pilipili, mwanangu?"

"Tia, mama, na ndimu usiionee haya."

Anakamulia ndimu mpaka karatasi inalowa. Unakula umesimama, machozi yanakutoka, bahari inavuma, na huna hamu ya kwenda popote.

Tatizo ni kwamba burudani yetu inakatika pale usiku unapoanza. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno 1593, ikazingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, ikawa jela ya Waingereza, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, inafungwa saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo ndiyo kwanza mwenye duka wa Marikiti anafunga hesabu zake, mwalimu anatoka kazini na joto linapungua. Yaani mkazi wa kawaida wa Mombasa, anayefanya kazi siku sita, anaweza kuishi mwendo wa dakika kumi kutoka ngome ile na asiingie tangu alipopelekwa na shule. Kumewahi kuwa na onyesho la sauti na mwanga ndani yake usiku, lakini liliuzwa pamoja na safari ya jahazi na chakula kwa wageni wa hoteli. Bei yake haikumwangalia mtu wa Majengo.

Mji wa Kale nao hivyo hivyo. Mchana wageni wanapelekwa mbio mbio, wanapiga picha milango ya nakshi na mnara wa msikiti wa Mandhry, wanarudi basini. Usiku, wakati ule mji unapokuwa wenyewe, mishkaki inachomwa barazani, wazee wamekaa na bao na kahawa chungu, harufu ya udi inatoka madirishani, mgeni hayupo, kwa kuwa vichochoro ni giza na ameambiwa asitoke.

Na muziki je? Huu ni mji wa Juma Bhalo na Zein l'Abdin. Mmoja alifariki 2014, mwingine 2016, na tangu hapo taarabu ya Mombasa imezidi kujificha kwenye harusi za watu. Kijana anayejua kupiga udi hana jukwaa la kila wiki mahali popote pa wazi. Hoteli inamwita mara moja moja avae kanzu akapige karibu na bwawa la kuogelea wakati watu wanakula, na hakuna anayemsikiliza. Hili linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa. Mji wenye washairi tangu enzi za Muyaka bin Haji umekosa hata jukwaa moja la usiku la kuimba mashairi yake.

Las Vegas ilibidi ibuni kila kitu, na inabomoa upesi kama inavyojenga. Hoteli ya Mirage ilifunguliwa 1989 na volkano ya bandia mbele yake iliyolipuka kila usiku na kupendwa na watu. Mwaka 2024 ilifungwa na ile volkano ikavunjwa, pajengwe kingine. Ndiyo kawaida ya mji ule na wala siulaumu. Lakini sisi tuliorithi vitu visivyoweza kujengwa mara ya pili tuna sababu gani ya kuvifunga saa kumi na mbili, kisha tukatafuta mwekezaji wa kutuletea vya kuiga?

Ninachotaka tukichukue kwa Wamarekani wale ni ile njia ya miguu. Tangu Ngome ya Yesu, kupitia Mji wa Kale, hadi kwenye zile pembe za ndovu za alumini za Moi Avenue, kisha hadi Mama Ngina: taa nzuri, sakafu isiyo na mashimo wala pikipiki, askari wa kaunti wanaomlinda mwuza mihogo badala ya kumkimbiza na karai lake la moto. Ukuta wa ngome umulikwe, na kila Ijumaa na Jumamosi ngoma na taarabu zipigwe bure uwanjani mbele yake, wanamuziki walipwe na kaunti na hoteli zinazofaidika na wageni. Na njia za kwenda ufukweni huko Nyali na Bamburi, ambazo kila mwaka huzidi kubanwa na kuta, ziachwe wazi kwa wenyeji. Jumapili uikute ile fukwe ya umma ya Jomo Kenyatta ilivyofurika, watoto na maboya ya kuogelea, ngamia, aiskrimu, utajua watu wa mji huu wana kiu ya starehe ya halali na wameachiwa kipande kidogo cha kuitafutia.

Vijana watapata kazi humo: waongozaji, wapiga muziki, mafundi wa taa, wapishi, wenye tuktuk. Na ni kazi ambazo hazitegemei kijana mwenzao apoteze pesa ya petroli.

Feri ya Likoni inavusha watu usiku kucha, kwa hivyo hata wa ng'ambo anaweza kuja na kurudi kwake. Kuanza hakuhitaji mwekezaji wala sheria mpya. Lango la ngome libaki wazi hadi saa tatu usiku siku mbili kwa wiki, kiingilio kiwe cha mwananchi, vyoo viwe safi, na mpiga udi akae uani apige.